Ushanga wa Kibiti

Ukikaa barazani kumtungia mtoto bangili, kwanza wapima uzi kwenye mkono wake, wazidisha vidole vitatu vya kufungia, kisha watunga ushanga mmoja mmoja. Ni kazi ya nusu saa. Lakini ushanga wenyewe una habari ndefu.

Mwaka 1999 mtaalamu wetu wa mambo ya kale, Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitangaza habari za shanga za kioo zilizofukuliwa Mkukutu, upande wa Kibiti. Zilikuwa za Kirumi. Zimo za mapingili: fundi alibana mrija wa kioo ungali moto, ukafanya vifundo kama muwa.

Sasa fikiri. Wako walioandika kwamba pwani hii haikuwa na biashara mpaka walipokuja Waarabu. Kumbe wakulima na wafua chuma wa Rufiji walikwisha kuvaa shanga za mbali. Tena kitabu cha Kigiriki cha mabaharia, cha yapata mwaka 50 baada ya Kristo, chataja soko la Rhapta: vyombo vya chuma na vitu vya kioo viliingia, pembe za ndovu zikatoka. Chami asema Rhapta ilikuwa Rufiji. Wengine wabisha, maana mji wenyewe haujathibitishwa.

Basi ukilima huko ukaona kichembe cha kioo chenye tundu, usikitunge katika bangili. Kiache palepale, ukawaarifu watu wa mambo ya kale. Kikiisha kutolewa udongoni, nusu ya ushahidi wake imepotea.