Jane Murago-Munene na Filamu ya Mama wa Nakuru

Ukitoka Nakuru mjini kwa matatu kuelekea Nairobi, unapita Free Area. Mtajie kijana wa hapo filamu, na huenda akakumbuka sauti ya DJ Afro, msimulizi wa filamu za kigeni, kabla ya kumkumbuka Mkenya yeyote aliyewahi kuongoza filamu. Hata hivyo, filamu moja ya Kenya iliyotuzwa kwenye tamasha la filamu la FESPACO, Ouagadougou, Burkina Faso, mwaka 2011, inahusu mwanamke wa pande hizi: Monica Wangu Wamwere, mama yake mwanasiasa Koigi wa Wamwere. Mwanzoni mwa 1992 mama huyo alikuwa miongoni mwa akina mama waliogoma kula Uhuru Park wakidai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Filamu inaitwa The Unbroken Spirit, na aliyeitengeneza ni Jane Murago-Munene. Nashikilia kwamba haiwezi kueleweka bila miaka mingi ya kazi isiyo na sifa iliyoitangulia.

Alianza zama ambazo karibu kila kitu cha filamu kilikuwa cha serikali: chuo cha mawasiliano, KIMC, kamera, na kituo pekee cha televisheni. The Tender One ilitoka 1979, The Chosen One 1991. Baadaye, chini ya kampuni yake, CineArts Afrika, mlango wa kubisha ukawa wa wafadhili. Hapa ndipo wakosoaji humshika: filamu kama Women, Water and Workload ya 1994, wanasema, ni ripoti za mashirika zilizotiwa picha, si sinema. Wana haki kiasi. Anayelipa huchagua mada, na mara nyingine huchagua hata jibu. Lakini mpiga picha, mtu wa sauti na mhariri hawaishi kwa kusubiri filamu kubwa inayokuja mara moja katika miaka kumi. Kazi hizo ndizo zilizowalisha na kuwanoa. Kukaa na mama wa kijijini hadi asahau kamera pia ni ufundi, na filamu hizo za wafadhili ndizo zinazoufundisha. Mtayarishaji aliyesubiri soko limlipe asingefika kwa Wangu akiwa tayari.

Wengine hulalamikia upande wake wa uongozi. Aliwakilisha Afrika Mashariki katika FEPACI, shirikisho la watengenezaji filamu wa Afrika, na mikutano, kama tujuavyo, hula wakati. Lakini hadi 2005 Kenya haikuwa na Tume ya Filamu. Bila vyama, nani angezungumza na serikali kuhusu ushuru wa vifaa na vibali?

Pingamizi ninaloliona zito ni jingine. Koigi alikamatwa tena mwishoni mwa 1993 na kesi yake ikaendeshwa Nakuru hadi hukumu ya Oktoba 1995, kwa hiyo kisa hiki ni cha mji huu kabla ya kuwa cha Burkina Faso. Kumtukuza mtayarishaji ambaye kazi yake hupigiwa makofi mbali na waliomo ndani yake ni kusifu jiko lisilopakua. Nakubali, ila kosa hilo ni la usambazaji, na marekebisho yake si ghali: ruhusa ya mwenye filamu, projekta, na ukumbi mmoja wa kanisa Free Area Jumamosi jioni.