Mizani ya Safari: Hoja Juu ya Kupima Mwendo wa Magari Kibaha na Kisarawe

Mtu anayenunua kiwanja Kibaha au Kisarawe huuliza habari za hati, za maji na za umeme, wala si aghlabu kuuliza ni kilomita ngapi atakazozikata kila siku mpaka kazini kwake Kariakoo, Dar es Salaam. Na mnunuzi huyo ana udhuru, kwani alichokifuata ni ardhi ya bei nafuu. Ama mamlaka za upangaji, ambazo Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 imezikabidhi dhamana ya michoro ya makazi, udhuru huo hazina.

Ada ya wahandisi wa barabara, katika nchi nyingi, imekuwa kuipima athari ya ujenzi mpya kwa foleni: magari mangapi yatazidi kwenye njia panda iliyo karibu, na kila dereva atacheleweshwa kwa muda gani. Kipimo hicho kina ila kubwa, kwa kuwa nyumba zinazojengwa mbali, penye barabara tupu, hutoka katika hesabu zikiwa safi, ilhali zile zinazojengwa katikati ya mji, ambako mtu aweza kwenda sokoni kwa miguu, hutiwa hatiani kwa msongamano uliokuwapo kabla yao. Jimbo la California, huko Marekani, lilitunga sheria mwaka 2013 ya kuiacha ada hiyo, na tangu Julai 2020 linalopimwa ni jumla ya mwendo ambao mradi utawalazimisha watu kuuendesha.

Na tuchukulie, kwa mfano tu, nyumba 1,000 zilizojengwa Kibaha, kila moja ikitoa gari moja liendalo mjini kilomita 35 na kurudi: hizo ni kilomita 70,000 kwa siku. Nyumba kama hizo zikisimama Magomeni, ambako serikali imekwisha kuzijengea maghorofa kaya 644 za Magomeni Kota, safari ya Kariakoo haizidi kilomita 4, na jumla yake ni 8,000. Mkoa wa Pwani, zilimo Kibaha na Kisarawe, ulikuwa na watu 1,098,668 katika sensa ya 2012, na 2,024,947 katika ile ya 2022. Si wote wasafiri wa Dar es Salaam, kwani Mafia na Rufiji zimo pia katika hesabu hiyo. Walakini anayesimama Maili Moja, Kibaha, alfajiri huona kwa macho yake wengi wao wanakokwenda. Dawa iliyotolewa ilikuwa kuipanua barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, baada ya nyumba nyingi kuvunjwa mwaka 2017. Nami nasema kwa yakini kwamba barabara pana, isiyofuatana na mpango wa ardhi, huita viwanja vingine mbele yake, na viwanja huita magari.

Yuko atakayepinga kwamba wengi wetu hatuna magari, na kwamba kipimo hiki ni cha matajiri. Hujja hiyo yanirudisha palepale kwa nguvu zaidi, maana asiye na gari ndiye anayeulipa umbali kwa nauli ya daladala na bodaboda, na kwa usingizi wa watoto wake. Na mkazi wa Kisarawe, mji ulio nyuma ya vilima vya Pugu na misitu yake ya hifadhi, akienda mjini hupita Gongo la Mboto, asiye na gari na mwenye gari pamoja. Kwetu, basi, ipimwe safari ya mtu, si ya gari peke yake.

Wala simaanishi watu wazuiwe kuhamia huko. Pale Tumbi, mradi ulioanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, ambao leo ni Shirika la Elimu Kibaha, uliweka shule, tiba na mafunzo ya kilimo mahali pamoja, na hiyo ndiyo maana ya mji: haja ya mtu iwe karibu na mlango wake. Leo zipo pia, Pugu na Soga, stesheni za reli mpya iliyoanza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024, na makazi mapya yaweza kuufuata mfano huo karibu nazo.

Nawasihi madiwani na maafisa mipango wa Kibaha na Kisarawe: kabla ya kuutia saini mchoro mwingine wa viwanja, uandikwe juu yake umbali wa kazi, wa soko, wa shule na wa stesheni, na mwombaji atakayeshindwa kuuandika arudishiwe mchoro wake.