Kutoka Bahi hadi Mlango wa Hospitali

Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, ikapita Bahi na Saranda, na mwaka 1912 ikawa imefika Tabora. Kabla yake, mchungaji aliyevunjika mguu katika bonde la Bahi alitibiwa nyumbani. Mganga wa kuunga mifupa aliuvuta mguu, akaufunga gango, mgonjwa akalazwa hadi mfupa ushike. Wengi walipona, na waganga hao wapo mpaka leo. Aliyevujia damu tumboni ndiye aliyekosa wa kumwokoa.

Tarehe 24 Juni 2002, kwenye reli hiyohiyo, karibu na Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria zaidi ya 1,200 ilirudi nyuma mlimani kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Wakati huo Tanzania haikuwa na idara ya dharura iliyokamilika katika hospitali yoyote ya umma. Ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010.

Mwaka huohuo wa 2010 yalitoka matokeo ya utafiti ambao, kwa maoni yangu, ndio muhimu kuliko tafiti zote kwa majeruhi wa vijijini. Unaitwa CRASH-2, na uliratibiwa kutoka London. Hospitali 274 za nchi 40 ziliandikisha wagonjwa 20,211 waliokuwa wakivuja damu au walio katika hatari hiyo. Nusu walipewa asidi ya traneksamiki, dawa ya bei nafuu iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke; nusu nyingine walipewa dawa bandia ya kulinganishia. Waliokufa walipungua kutoka asilimia 16.0 hadi 14.5.

Tofauti hiyo ni watu 15 katika kila 1,000. Hospitali moja yenye wagonjwa 200, hata ikiwapa wote dawa, ingetarajia kuona tofauti ya watu watatu tu, na watatu wanaweza kupona au kufa kwa bahati. Hakuna bingwa, hata awe hodari vipi, ambaye angeitambua faida hiyo wodini kwake. Ilibidi hospitali za nchi tajiri na maskini zikubali kufuata utaratibu mmoja, zijaze fomu zilezile na kuchanganya hesabu zao. Mwaka 2011 uchambuzi wa takwimu hizo ulionyesha jambo zito zaidi: dawa ikitolewa ndani ya saa tatu tangu mtu kuumia, inaokoa, baada ya hapo haisaidii, na vifo vya kuvuja damu huonekana kuongezeka.

Sasa tupige hesabu ya Bahi. Kutoka makao makuu ya wilaya hadi Dodoma mjini ni kilomita zipatazo 60 za lami, mwendo wa saa moja kwa gari. Lakini aliyeumia ndani huko, ng'ambo ya majaruba ya mpunga, masika yakiwa yamejaza maji, hubebwa kwanza hadi bodaboda inapofika. Kisha zahanati, kituo cha afya, pengine na kusubiri fomu ya polisi ya PF3, ndipo ipatikane gari ya kwenda hospitali ya mkoa. Akihitaji bingwa, kuna rufaa nyingine ya kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa.

Hayo si ya Bahi peke yake. Utafiti wa INORMUS, uliofuatilia wagonjwa 31,255 wa mivunjiko katika hospitali 49 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kuanzia 2014 hadi 2019, ulikuta zaidi ya robo yao walilazwa baada ya saa 24 kupita. Sababu iliyotajwa zaidi ni rufaa ya kutoka hospitali moja kwenda nyingine.

Hapa nchini, Dkt. Hendry Sawe wa Muhimbili na wenzake waliingiza rejesta ya majeruhi katika hospitali kadhaa za mikoa, wakitumia fomu sanifu, na mwaka 2020 wakachapisha walichokiona. Kazi hiyo naiheshimu sana. Ninachotamani ni rejesta ishuke hadi zahanati za Bahi, na muuguzi wa zamu amuulize dereva wa bodaboda, kabla hajaondoka: huyu ameumia saa ngapi, na mmepita wapi?