Sikukuu Hazisubiri Amani: Jumapili, Krismasi na Mkesha katika Mji wa Juba

Maadhimisho kama haya ni wakati wa kuhesabu miaka. Mimi naomba leo tuhesabu sikukuu. Tuangalie jinsi siku za Bwana zilivyopita katika mji wa Juba, mji ulioona vita vingi, kisha tujiulize: siku hizo zimewafanyia nini watu wa Mungu, na zinataka nini kwetu?

Najua wapo wapendwa kati yetu ambao neno "sikukuu" haliwakai vizuri. Wanasema Biblia haikutaja tarehe 25 Desemba. Ni kweli, haikutaja. Tarehe hiyo tunaikuta Roma katika karne ya 4. Na ndugu zetu Waethiopia na Waeritrea wanaofanya biashara hapa Juba huadhimisha kuzaliwa kwa Bwana tarehe 7 Januari, na baraka zao hazijapungua. Paulo katika Warumi 14 aliwaachia nafasi wote wawili, anayeiheshimu siku moja kuliko nyingine na anayeziona siku zote sawa, mradi kila mmoja afanye kwa Bwana. Kwa hiyo tusigombanie tarehe. Swali lenye uzito ni hili: siku ikishafika, inatubadilisha au inatupita tu?

Jina letu lenyewe ni la sikukuu

Fungua Mambo ya Walawi 23. Utakuta Mungu anawapangia Israeli mwaka mzima. Kuna Sabato ya kila juma. Kuna Pasaka, wakati shayiri inaanza kuvunwa. Kuna Sikukuu ya Majuma, siku hamsini baadaye, wakati wa ngano. Kuna Sikukuu ya Vibanda, mazao yakiwa yameshaingia ghalani. Kila moja ilikuwa na miguu miwili: mguu mmoja shambani, mguu mwingine kwenye historia. Mtu alileta malimbuko ya shamba lake na papo hapo akakumbuka alikotolewa.

Hiyo Sikukuu ya Majuma ndiyo Wayahudi waliosema Kigiriki waliiita Pentekoste, maana yake "ya hamsini". Umeona? Sisi tunaojiita Wapentekoste tumebeba jina la sikukuu ya mavuno. Na Roho alishuka siku hiyo wakati Yerusalemu imejaa wageni kutoka nchi nyingi. Bila sikukuu, wale Waparthi, Wamisri na watu wa Libya wangekuwa makwao, na Matendo 2 isingekuwa na watu wa kusikia, kila mmoja kwa lugha yake. Ushirika wetu unaovuka mipaka, wenye Kiswahili, Kiarabu cha Juba, Kibari, Kidinka, Kinuer, Kiluganda na Kilingala katika kambi moja ya maombi, ni mtoto wa siku ile.

Huku Juba majira yetu ni tofauti na ya Yerusalemu. Mvua huanza karibu na Aprili na kwenda mpaka Oktoba. Pentekoste inapofika, wengi wako shambani na jembe, mavuno bado. Krismasi huja mwanzoni mwa kiangazi: mtama umeshavunwa, barabara zimekauka, mabasi yanakwenda. Tangu barabara ya Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilipokamilika kuwekwa lami mwaka 2012, kila Desemba utaona familia zikielekea Uganda na Kenya walikosoma watoto, na wengine wakirudi nyumbani. Soko la Konyo Konyo linajaa akina mama wanaotafutia watoto nguo mpya. Kwaya zinafanya mazoezi mpaka usiku.

Lakini tuseme ukweli wote. Barabara kavu inapitisha basi, na inapitisha pia magari ya jeshi. Katika historia ya nchi hii kiangazi kimekuwa msimu wa safari na msimu wa mapigano. Ndiyo maana Desemba kwetu ina nyuso mbili, na mtu wa Juba akiimba habari ya amani duniani, haimbi kama pambo.

Jumapili iliyochukuliwa

Sudan ilipata uhuru siku ya Mwaka Mpya, tarehe 1 Januari 1956. Wengine walishangilia, lakini kusini vita vilikuwa vimeshachomoza, kwa maasi ya Torit ya Agosti 1955. Kisha jeshi likatwaa serikali huko Khartoum mwaka 1958 chini ya Jenerali Ibrahim Abboud. Mwaka 1960 serikali hiyo ikaamuru kwamba siku ya mapumziko kusini isiwe tena Jumapili, iwe Ijumaa, kama kaskazini.

Kijana wa leo anaweza kuuliza, siku tu, kuna nini? Wanafunzi wa wakati ule walijua kuna nini. Shule za kusini ziligoma. Walielewa kwamba anayeshika kalenda yako ameshika kumbukumbu yako. Ukinyang'anywa siku ya kukusanyika, baada ya muda mtakuwa watu wanaoamini kila mmoja peke yake, na moto wa kuni moja hauchukui muda kuzimika.

Mwaka 1964 wamisionari wa kigeni walifukuzwa kusini. Wengi walidhani kanisa litakufa. Halikufa. Makatekista, wainjilisti na wazee wa kanisa waliendelea kukusanya watu, porini na ukimbizini, Uganda na Kongo. Hawakuwa na jengo, mara nyingi hawakuwa na mchungaji. Walichokuwa nacho ni siku. Jumapili ilifika, Krismasi ilifika, Pasaka ilifika, na watu wakajua ni wakati wa kukutana. Mpendwa, hapo ndipo nasema sikukuu hazisubiri amani. Wazee wetu wangezisubiri mpaka mambo yatulie, watoto wao wasingeijua hata moja.

Makubaliano ya Addis Ababa ya 1972 yalileta pumziko la miaka kama 11. Vita viliporudi mwaka 1983, Juba ikaja kuwa mji wa jeshi la serikali uliozingirwa, chakula kikiletwa kwa ndege. Mwaka 1992 mji ulishambuliwa Juni na tena Julai. Ndani ya mzingo huo makanisa hayakufunga milango. Na nje ya mji, ng'ambo ya mpaka, kambi ya Kakuma nchini Kenya ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1992, na vijana waliotembea mamia ya kilomita wakajenga makanisa ya udongo na kupiga ngoma za Krismasi katika vumbi la Turkana.

Jumapili zilizorudi

Sasa angalia jambo hili kwenye kalenda. Tarehe 31 Desemba 2004, siku ya mkesha wenyewe, pande mbili za vita zilitia saini hati za mwisho huko Naivasha, Kenya. Makubaliano makubwa ya amani yakatiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005. Ilikuwa Jumapili. Miaka sita baadaye, tarehe 9 Januari 2011, watu wa Sudan Kusini walianza kupiga kura ya kuamua kesho yao. Nayo ilikuwa Jumapili. Watoto wa wale walionyang'anywa siku hiyo mwaka 1960 walisimama kwenye mistari mirefu asubuhi ya siku ile ile. Asilimia 98.83 walichagua kujitenga, na tarehe 9 Julai 2011 bendera mpya ikapandishwa penye kaburi la Dakta John Garang.

Siwezi kusema Mungu aliandika kalenda hiyo kwa ajili yetu tu. Lakini mwenye kumbukumbu hawezi kuipita bila kushukuru.

Ningependa hadithi iishie hapo. Haikuishia hapo. Mapigano yaliyoupasua mji wetu na nchi yetu yalianza usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, na hiyo pia ilikuwa Jumapili. Watu walikuwa wameabudu asubuhi. Siku kumi baadaye ilikuwa Krismasi, na makumi ya maelfu walikuwa wamejibanza katika vituo viwili vya Umoja wa Mataifa hapa Juba, jirani kwa jirani wakiogopana kwa sababu ya kabila. Nguo mpya za watoto zilibaki majumbani, nyumba nyingine zikiwa zimeshaporwa. Hata hivyo watu waliomba na kuimba mle ndani, chini ya maturubai.

Julai 2016 mapigano yalirudi mjini, siku zile zile ambazo nchi ilipaswa kutimiza miaka mitano. Agosti mwaka huo kambi ya Bidi Bidi ikafunguliwa huko Yumbe, Uganda, na kabla mwaka haujaisha ilikuwa na watu zaidi ya 200,000. Baadhi yenu mnaosoma hapa mlikuwamo. Mnajua Krismasi ya uji wa mgao ina ladha gani.

Kulia, kula, kugawa, kujenga kibanda

Hapa nataka twende Nehemia 8, kwa sababu sura hiyo kama imeandikwa kwa ajili ya Juba. Watu wamerudi kutoka uhamishoni. Wanasomewa torati, wanalia. Viongozi wanawatuliza, wanawaambia siku hiyo ni takatifu, waende wakale na kunywa, na wawapelekee sehemu wasiokuwa na kitu. Kisha wanatoka kwenda mlimani kukata matawi, wanajenga vibanda, wanakaa humo siku saba kwa furaha kubwa. Kwa nini vibanda? Ili wasisahau kwamba waliwahi kuishi bila nyumba.

Utaratibu wa siku zile una hatua nne, na kila moja ina kazi kwetu.

Kwanza, kulia. Desemba ya Juba ina waliokufa ndani yake. Ukiingia nyumba nyingi za Munuki, Gudele au Kator utakuta picha ya mtu ambaye hakuiona Krismasi ya 2013 au Mwaka Mpya uliofuata. Ibada ya sikukuu inayowakataza watu kulia inawafundisha kuficha. Wapeni nafasi. Na machozi ya kabila moja yasikae kando na ya kabila lingine. Yaletwe madhabahu moja.

Pili, kula. Kupika pilau na kuvaa vizuri si dunia, jamani. Mungu mwenyewe aliagiza furaha. Mtu aliyefunga na kuomba mwaka mzima ana haki ya kucheka na watoto wake.

Tatu, kugawa. Sahani ya mjane na ya mkimbizi aliyebaki nyuma ni sehemu ya ibada. Nehemia hakuiacha kwa hiari ya mtu. Iliingia katika agizo la siku yenyewe.

Nne, kibanda. Aliyeishi chini ya turubai Kakuma au Bidi Bidi, leo ana mabati au hata ghorofa, asisahau. Kusahau kibanda ndiyo mwanzo wa kumdharau aliye kibandani sasa.

Na ukiendelea mpaka sura ya 9 utaona jambo: baada ya furaha ile, watu walikusanyika tena kwa toba. Furaha ya kweli iliwapa nguvu ya kuungama. Nadhani ndiyo kufanywa upya tunakokuomba katika nyimbo zetu zote.

Mwezi Februari 2023, Papa Francis, Askofu Mkuu Justin Welby na Iain Greenshields wa Kanisa la Scotland walikuja Juba pamoja na kuomba na watu penye kaburi lile la Garang. Sisi Wapentekoste tuna yetu tunayotofautiana nao. Lakini nchi iliona viongozi wa makanisa matatu wakisimama jukwaa moja, na ikajiuliza: je, nyinyi mnaosali mtaa mmoja mnashindwa nini?

Usiku wa mkesha

Basi mwaka huu tutakesha tena. Kwa miaka mingi saa sita ya usiku wa Mwaka Mpya Juba imepokelewa na risasi za furaha zinazopigwa hewani. Mamlaka hukataza, watu hupiga. Na risasi iliyopanda lazima ishuke. Wengine huumia, wengine hufa, katika dakika ya kwanza ya mwaka.

Wakati huo huo, kanisani, mikono mingine imeinuliwa, haina kitu. Hizo ndizo namna mbili za kuupokea mwaka katika mji huu, na kijana wa Juba anazisikia zote mbili kwa usiku mmoja. Atafuata ile atakayoona ina uzima.

Kwa hiyo, mpendwa, kabla ya usiku huo chukua simu yako. Tafuta jina moja la mtu wa upande ule mwingine, wa kabila au wa ugomvi, ambaye hamjasalimiana tangu vita, au tangu kambini, au tangu lile jambo la fedha. Mpigie. Usimhubirie. Mwambie tu, "Krismasi njema, ndugu yangu. Watoto hawajambo?" Akinyamaza, umefanya sehemu yako. Akijibu, mwalikeni mkesha, mkae benchi moja.

Heri ya maadhimisho, watu wa Mungu. Tukutane kwenye maombi.