Paa Lililotobolewa na Sheria

Mtalii hashuki. Kanuni hiyo utaikuta kwenye malango ya hifadhi nyingi za taifa nchini Tanzania: ukiwa mbugani unabaki ndani ya gari, isipokuwa kwenye vituo vilivyotengwa kwa kupumzikia, kula au kulala. Sasa mtu amesafiri kutoka mbali, simba yuko kwenye nyasi mita chache tu, na mbele yake wamekaa abiria wanne wenye vichwa vikubwa na kamera. Kushuka hawezi, dirishani haoni. Hapo ndipo fundi alipoitwa na msumeno wake.

Naanza na kanuni hiyo kwa makusudi, kwa sababu siku hizi watu wanaotaka kugeuza gari liwe chumba cha kulala safarini huanza na picha za simu. Wameona gari la Kijerumani limeinua paa pembeni mwa ziwa, turubai safi, taa ndani, wakavutiwa. Kisha wanampelekea fundi picha hiyo. Kandokando ya barabara ya kwenda Pugu, kuanzia Gongo la Mboto hadi vilimani, Hiace kuukuu hazikosekani, na mafundi wa kuchomelea hawakosekani pia. Lakini paa la kwenye picha na paa ambalo mafundi wa Afrika Mashariki wamelizoea ni vitu viwili vilivyotoka kwenye historia mbili. La kule lilitengenezwa kwa ajili ya kulala, la huku kwa ajili ya kusimama. Anayechagua bila kulijua hilo atalipia kazi mara mbili.

Kabla ya paa la kuinuka, magari ya porini hayakuwa na shida ya paa. Wawindaji wa enzi ya mkoloni walitaka gari la wazi ili washuke upesi na bunduki, na Nairobi ya miaka ya 1920 ilikuwa na mafundi wa kuunda bodi za mbao juu ya chesisi zilizoagizwa kutoka nje. Land Rover ilipoanza kuuzwa mwaka 1948 ilikuja na turubai la kuvua. Hata filamu ya Hatari!, iliyopigwa hapa Tanganyika na kutoka mwaka 1962, inaonyesha magari ya kukamatia wanyama ambamo mkamataji amefungwa kwenye kiti nje kabisa, mbele karibu na taa. Paa lingemsaidia nini?

Kilichobadilisha mambo ni kuanzishwa kwa hifadhi. Hifadhi ya Nairobi ilitangazwa mwaka 1946, Tsavo mwaka 1948, Serengeti mwaka 1951. Mgeni aliyewinda kwa bunduki akaanza kuwinda kwa kamera, naye hakuruhusiwa kukanyaga chini. Wakati huohuo Volkswagen ya Ujerumani ilikuwa imeanza kutoa basi lake dogo mwaka 1950, na mwaka uliofuata ikatoa toleo la anasa lenye paa la turubai la kukunjua na madirisha madogo kwenye kingo za paa, ili watalii wa Ulaya watazame milima. Kombi, kama basi hilo lilivyoitwa, ikafika Kenya, ikapendwa, na katika miaka ya 1970 ikawa inaunganishwa Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya. Kampuni za utalii za Nairobi na Mombasa zikaitobolea matundu yenye vifuniko. Baadaye ikaonekana kwamba kifuniko kikiondolewa jua linaunguza, wakaja na jawabu ambalo hadi leo ndilo nembo ya gari la utalii la Kenya: kipande kikubwa cha paa kinanyanyuka sambamba juu ya miguu ya chuma, wageni wanasimama, upepo unapita pande zote, na kivuli kinabaki juu ya vichwa. Kombi ilipozeeka, Nissan na Hiace zikarithi paa lilelile.

Turudi Ulaya kidogo. Huko Folkestone, Uingereza, kampuni ya Martin Walter ilikuwa ikigeuza magari ya mizigo aina ya Bedford kuwa nyumba za likizo, ikiziita Dormobile. Paa lao lilikuwa na bawaba upande mmoja, linafunguka upande wa pili, katikati turubai lenye mistari, na ndani yake vitanda vyembamba vya kuning'inia. Westfalia ya Ujerumani nayo ilikuwa imeanza mwaka 1951 kuweka vitanda na makabati kwenye Kombi, na mapaa yake ya kuinuka yakaja baadaye. Kule pia sheria ilikuwa na mkono wake. Gari la abiria Uingereza lilitozwa kodi ya mauzo, ila gari lililowekewa vifaa vya kuishi lilisamehewa. Familia nyingi zilipata gari la bei nafuu kwa kuvumilia jiko la gesi na meza ya kukunja. Ukishaweka jiko, lazima mpishi asimame, paa likainuka. Ni nadra ofisa wa kodi kusifiwa kwa kubuni kitu kizuri, basi huyu tumpe haki yake.

Kwa hiyo mwishowe kulikuwa na mapaa mawili duniani yanayofanana kwa mbali. Moja linafunguka upande mmoja na kufungwa kuta za turubai, kwa baridi na mvua ya Ulaya. Jingine linapanda lote na kuacha uwazi, kwa jua la Tsavo. La kwanza huwezi kusimama ukatazama tembo bila turubai kukuzuia. La pili huwezi kulala bila mbu kukumaliza.

Tanzania ilifuata njia yake kwa sababu ya siasa. Kabla ya mwaka 1977 wageni wengi wa Serengeti na Ngorongoro waliingia kupitia Nairobi, na magari waliyopanda yalikuwa ya Kenya. Tarehe 4 Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka. Magari ya utalii ya Kenya na ndege ndogo zilizokuwa upande huu zilizuiliwa. Mpaka ulibaki umefungwa hadi Novemba 1983. Ulipofunguliwa, makubaliano ya mwaka 1985 kati ya nchi hizo mbili hayakurudisha hali ya zamani: mgeni wa kutoka Nairobi hufika Namanga, anashusha mizigo yake na kupanda gari la Kitanzania. Wakenya wanalalamikia jambo hili hadi leo, na wana sababu zao. Lakini gereji za Arusha zilipata kazi.

Arusha haikuiga Kombi. Kushuka kreta ya Ngorongoro kunahitaji gari linalovuta magurudumu yote manne, na barabara ya kuelekea Serengeti ilikuwa na makorongo ya kutosha kuvunja basi dogo vipande. Walianza na Land Rover ndefu, kisha Land Cruiser ya familia ya 70, iliyotoka mwaka 1984, ikatawala. Fundi wa Arusha huikata chesisi, akairefusha, akaongeza viti na madirisha, kisha akalifungua paa kutoka nyuma ya dereva hadi mlango wa mwisho. Kampuni kama Hanspaul imeifanya kazi hiyo kuwa kiwanda kamili. Paa ni lile la Kenya la kupanda sambamba, ila limewekewa fremu nzito zaidi, kwani gari lililokatwa paa limeondolewa mbavu, na barabara yenye matuta madogomadogo italitikisa hadi milango igome kufunga.

Kusini mwa nchi hadithi ni nyingine tena. Selous, ambayo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, ilipokea wageni wengi kwa ndege ndogo. Gari liliwasubiri kambini na halikuwa na haja ya kuona lami. Ndiyo maana magari ya kambi za Rufiji mengi ni ya wazi kabisa, turubai juu, pembeni hakuna kitu. Paa la kuinuka ni la gari linalotakiwa kukimbia barabara kuu asubuhi na kutazama simba mchana. Kama barabara kuu haimo kwenye safari, hulihitaji.

Hapa sasa Pugu inaingia. Kwa wakazi wa Dar es Salaam jina hili lina mambo mengi: shule ambayo Mwalimu Nyerere alifundisha hadi alipoacha kazi mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, mnada wa ng'ombe, msitu wa Pugu-Kazimzumbwi ambao wakala wa misitu, TFS, imeufungua kwa wapanda milima na wapiga kambi, na sasa kituo cha reli ya SGR, ambayo safari zake za Dar hadi Morogoro zilianza Juni 2024. Barabara ya Pugu yenyewe mjini imeshabadilishwa jina ikawa ya Nyerere. Ukivuka vilima unaingia Kisarawe, na njia inaendelea kusini kuelekea Maneromango. Ukirudi ukashika barabara ya Morogoro, Mikumi, hifadhi tangu mwaka 1964, inafikika kwa siku moja. Mtu wa Pugu, kwa maneno mengine, ana safari ileile iliyozaa paa la kuinuka: lami kwanza, pori baadaye.

Na Dar ina ujuzi wake wa kubadili magari, ambao Arusha haiusemi. Daladala za watu binafsi ziliporuhusiwa mwaka 1983, na mwaka 1984 serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, mji ulijaa pikapu zilizowekewa mabenchi na paa, abiria wakitazamana uso kwa uso. Watu waliziita Chai Maharage. Baadaye Hiace zikaja, vipanya, na kila fundi bodi akajua pa kuongeza kiti cha ziada na namna ya kuziba tundu la kutu. Mikono hiyo ipo bado. Kilichokosekana ni sababu ya kukata paa, maana mvua ya masika ingeingia na konda angepigwa.

Njia ya mkato ingekuwa kununua gari lililozaliwa na paa la kuinuka. Mazda Bongo Friendee (wasomaji wa Dar wacheke jina kwanza) ilitoka Japani mwaka 1995 ikiwa na toleo ambalo paa lake hupanda kwa mota ya umeme, juu mna kitanda cha watu wawili, na usukani uko kulia kama wetu. Ni gari zuri kwa lami na kwa msitu wa Pugu wakati wa kiangazi. Ila mota ya paa ikifa Maneromango, nani ana spea?

Kwa Hiace ya kawaida, mimi ningechagua paa la Arusha badala ya la Folkestone, nikaliongezea kitu kimoja. Joto la Dar halihitaji turubai zito. Linahitaji upepo upite kutoka pande zote nne, na paa linalopanda sambamba linautoa. Kwenye uwazi ule nafunga neti ya kushonwa, yenye zipu, inayovuliwa mchana. Mikumi na Rufiji kuna mbung'o, nao wanafuata gari linalotembea, kwa hiyo neti hiyo itakuwa na kazi hata kabla ya giza. Kwa ajili ya masika nakata turubai jepesi la kuteremsha nje ya neti. Kitanda kinabaki chini, kwenye sakafu ya gari. Kitanda cha juu ni kizuri kwa Mjerumani mwenye watoto wawili wembamba, lakini bati la juani Pugu saa tisa alasiri hubaki na moto wake hadi usiku.

Vumbi ndilo adui ambaye watu hawamfikirii. Gari linapokimbia kwenye changarawe, hewa iliyo ndani inavutwa nje na vumbi linaingia kupitia mwanya wowote wa nyuma. Raba ya mlango wa Hiace, ikinyooshwa vizuri kuzunguka tundu lote, huziba vizuri. Makomeo yafunge kwa kukaza, yawe kwenye kila pembe, na yafikike kwa mtu aliyeketi. Paa lililosahauliwa wazi kwenye mwendo wa barabara kuu halirudi.

Halafu uzito. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, hutoza gari kwa kufuata uzito wake mtupu, na daraja la chini linaishia kilo 2,000. Hiace nyingi ziko chini ya hapo, lakini si kwa nafasi kubwa. Bomba za mraba za chuma, kitanda cha mbao ya mninga, betri ya pili, tangi la maji, na gari limeshapanda daraja. Faibaglasi juu ya fremu nyembamba inagharimu zaidi kwa fundi, ila inarudisha fedha hiyo polepole getini, na chumvi ya hewa ya pwani haiili kama inavyokula bati lililokatwa na kupakwa rangi kwa haraka. Ukishamaliza kukata na kuchomelea, mabadiliko ya bodi yanatakiwa kuonekana kwenye kadi ya gari, jambo linalofanyika TRA baada ya ukaguzi. Bora uende na vipimo vya fundi mkononi kabla ya msumeno kuwashwa, kwa sababu paa likishatobolewa haliwezi kurudishiwa bati lake la kiwandani.