Nyumba na Kidaka: Juu ya Asili ya Baadhi ya Maneno ya Ikolojia

Mwanafunzi wa biolojia akiulizwa ikolojia ni nini, aghalabu hujibu kwamba ni elimu ya mazingira. Jibu hili si baya, lakini lina upungufu, na upungufu wenyewe watokana na lugha, wala si na uvivu wa mwanafunzi. Yafaa basi tuitazame historia ya maneno yanayohusika.

Neno ikolojia liliundwa mwaka 1866 na Ernst Haeckel, mtaalamu wa viumbe wa Ujerumani, kwa kuunga maneno mawili ya Kiyunani: oikos, yaani nyumba, na logos, yaani maelezo au elimu. Oikos haikuwa kuta na paa tu. Ilikuwa pia watu wa nyumbani, mali yao na matumizi yao, ndiyo sababu neno la Kizungu la elimu ya uchumi lina shina lilo hilo. Neno letu mazingira lina asili nyingine. Latokana na kitenzi kuzingira, nacho chatokana na kuzinga. Kinachozingira kiko nje; anayezingirwa yuko katikati. Kwa hiyo asemaye mazingira amekwisha kujiweka katikati ya vitu, hali asemaye oikos humweka kila kiumbe ndani, akiwa mmoja wa wenyeji.

Tofauti hii si ya wanalugha peke yao. Mwaka 1935 Arthur Tansley, mtaalamu wa mimea wa Uingereza, alichapisha makala ambamo neno linalofasiriwa sasa mfumo-ikolojia lilionekana kwa mara ya kwanza. Alitaka viumbe hai na vitu visivyo na uhai, kama vile udongo, maji na hewa, vihesabiwe kuwa mfumo mmoja. Udongo huulisha mti, na mti nao huugeuza udongo kwa majani yake yaangukayo. Mwalimu akifasiri neno hilo kwa mazingira, amempokonya mwanafunzi nusu ya maana, maana katika mazingira jambo hutoka nje kuja ndani tu.

Liko neno jingine la elimu hii ambalo huwatatiza wanafunzi zaidi, nalo ni niche. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na maana yake ya kwanza ni shimo la mraba au la tao lililoachwa ukutani ili kuwekwa kitu. Msomaji wa pwani atalitambua mara moja: ni kidaka. Nyumba kongwe za mawe za Lamu zina kuta zilizopambwa kwa safu za vidaka, wenyewe husema zidaka, na humo viliwekwa vyombo vya kaure. Mwaka 1917 Joseph Grinnell alilitumia neno hilo alipoeleza maisha ya ndege mmoja wa California, akikusudia hasa mahali pamfaapo. Mwaka 1927 Charles Elton, Mwingereza, aliligeuza maana: kwake lilikuwa nafasi ya mnyama katika jumuiya yake, yaani anakula nini na analiwa na nani.

Mfano wa kwetu utafafanua. Katika matope ya mikoko huishi konokono mkubwa ambaye sehemu nyingine za pwani huitwa tondo. Angali mdogo, hula chembechembe zilizomo topeni. Akisha kukua, hula majani ya mikoko yaliyoanguka. Makazi yake ni yale yale, lakini kazi yake imebadilika. Amehama kidaka asihame nyumba. Mwanafunzi aliyefundishwa neno makazi peke yake hawezi kulisema jambo hili, na asiloweza kulisema hulikariri tu siku ya mtihani.

Najua pingamizi zitakazoletwa. Kidaka ni pia nazi changa kabisa, na kidaka tonge ni kinyama cha kooni. Tena mtu wa bara huenda hajaona nyumba yenye vidaka. Lakini neno kuwa na maana zaidi ya moja si kosa, muktadha huzitenga. Na mwanafunzi wa Kiingereza naye aweza kulijifunza niche asipate kuliona ukutani.

Tangu Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilipochapishwa mwaka 1990, haiwezi kusemwa tena kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Kazi iliyobaki ni kuyapima maneno yenyewe: je, humfikisha mwanafunzi kwenye wazo, au humwacha mlangoni? Mazingira na libaki kwa vitu vilivyotuzunguka. Ikolojia na ifundishwe kuwa elimu ya nyumba, ambamo mwanadamu pia ana kidaka chake, wala si mwenye nyumba.