Deni la Jabez Stone: Hadithi ya 1936 na Filamu ya 1941

Ukitaja mkataba na shetani, wengi humkumbuka Faust wa Ujerumani, msomi aliyeuza roho yake kwa ajili ya maarifa. Mimi nimemchagua mkulima. Anaitwa Jabez Stone, analima shamba lenye mawe huko New Hampshire, na alibuniwa na Mmarekani Stephen Vincent Benét katika hadithi fupi The Devil and Daniel Webster, iliyochapishwa mwaka 1936. Mwaka 1941 hadithi hiyo ikawa filamu, mwongozaji wake akiwa William Dieterle. Dieterle alizaliwa Ujerumani, na mwaka 1926 aliigiza katika filamu ya Murnau kuhusu Faust. Alikuwa Valentin, kaka yake Gretchen, ambaye shetani anamuua. Basi hakuwa mgeni katika mambo haya.

Kwa Benét, kosa la Jabez ni dogo. Plau yake imevunjika, farasi anakohoa, watoto wana surua. Kwa hasira anatamka kwamba angeuza roho yake hata kwa senti mbili, na kesho yake mgeni aliyevaa nguo nyeusi anabisha hodi. Jabez anatia saini kwa damu, kisha mambo yanamnyookea. Hatumwoni akimdhulumu mtu. Muda wa kulipa ukifika anamkimbilia Daniel Webster, mwanasiasa na wakili aliyeishi kweli, naye anamtetea mbele ya waamuzi kumi na wawili waliotolewa kuzimu. Swali la hadithi ni la kisheria zaidi kuliko la dhambi: je, mkataba uliotiwa saini kwa dhiki unaweza kumfunga mtu huru? Katika miaka ile ya Mdororo Mkuu wa uchumi, wakulima wengi wa Marekani walikuwa wamepoteza mashamba yao kwa madeni. Walilijua swali hilo bila kufundishwa.

Filamu inamtia Jabez hatiani. Kwanza anapata dhahabu na kumlipa Stevens, bahili anayewakopesha wanakijiji. Hapo bado tunamhurumia. Lakini mvua ya mawe inapoharibu mazao ya majirani na kuliacha shamba lake, yeye ndiye anayegeuka mkopeshaji. Waliokuwa wenzake wanakuwa vibarua na wadeni wake. Anajenga jumba kubwa, anaandaa karamu, nao hawaji. Hiyo karamu isiyo na majirani ndiyo adhabu ninayoikumbuka kuliko kesi yenyewe. Roho ambayo kwa Benét ilikuwa mali ya mtu mmoja, kwa Dieterle inapimwa kwa yale aliyowatendea wengine. Ndiyo maana hotuba ya Webster haitoshi tena. Lazima jumba liungue, na Jabez arudi kwa wenzake ambao wameanzisha chama cha wakulima. Mwanahistoria atatabasamu hapa. Mambo haya yamewekwa katika miaka ya 1840, lakini chama cha Grange, ambacho filamu inakitaja, kiliundwa mwaka 1867. Wamekivuta nyuma miaka ishirini na zaidi kwa sababu walihitaji mahali pa kumrudisha Jabez.

Jambo linalonikera ni Belle, mwanamke mrembo aliyeongezwa na filamu ili amharibu Jabez. Dhuluma ya riba ilijitosheleza; haikuhitaji kusukumiwa mwanamke.

Mimi ni mtu wa Kongo, kwa hiyo kuna mahali siwezi kupapita haraka. Webster anapodai kwamba mgeni hana haki ya kumchukua raia wa Marekani, shetani anajibu kwamba yeye ni Mmarekani kuliko wengi: alikuwepo Wahindi Wekundu walipodhulumiwa mara ya kwanza, na alisimama juu ya sitaha ya meli ya kwanza ya watumwa iliyoelekea Kongo. Webster hapingi. Hadithi na filamu zote zina majibu hayo, na ndiyo maneno ya kweli kuliko yote yanayosemwa chumbani mle.

Benét anamfanya Webster ayataje mateso ya watumwa mbele ya waamuzi, na sauti yake inavuma kama kengele kubwa. Lakini Webster wa historia, tarehe 7 Machi 1850, alisimama katika Seneti na kuunga mkono maafikiano yaliyokuja na sheria kali zaidi ya kuwakamata watumwa waliotoroka na kuwarudisha kwa waliowamiliki. Aliyemtoa mkulima mzungu katika mkataba wa damu alikubali wengine warudishwe kifungoni, ili Muungano usivunjike. Benét alilijua hilo. Kesi ikiisha, shetani anamtabiria Webster kwamba hotuba yake kubwa ya mwisho itawafanya wengi wa watu wake wamgeuke. Webster anataka kujua kama Muungano utasimama. Habari za waliokuwa chini ya sitaha haulizi.